Mawe mazito meusi kwa shimo la choo Funyula: ni kimondo, ni madini ama ni nini?

#1 Mwana_wa_Funyula
Wadau habari za jioni. Niko ushago Funyula, kwetu Samia huku Busia, tangu Ijumaa, tunamchimbia kukhu (nyanya yangu) choo kipya maana kile cha zamani mvua ilikibomoa. Jana tukiwa kama futi nne chini fundi akagonga kitu jembe likaruka na cheche juu. Tukatoa jiwe jeusi, ukubwa wa kichwa cha mtoto lakini uzito ni kama unainua betri ya gari. Upande mmoja laini, ni kama uji ulimwagika ukaganda ukiwa bado unatiririka, upande wa pili una vitundu kama andazi, na ukivunja ndani kunang'aa kama chupa. Mpaka sasa yametoka saba. Fundi anasema ni kimondo kilianguka zamani na kuna mtu Busia ananunua kwa pesa nzuri. Kukhu anacheka tu, anasema hayo mawe yamejaa mpaka kwa mahindi na yeye moja anaegeshea mlango wa kuku. Binamu yangu naye ameapa ni mabaki ya chuma cha wazee, ya kwamba Wasamia walikuwa wanatoa chuma kwa mawe ya hivi vilima halafu mkoloni akapiga marufuku ili tununue jembe lake. Mimi naegemea kwa binamu. Sasa maswali: hiki ni nini, na kama tulijua kutoa chuma kwa jiwe mbona leo hata msumari wa mabati tunaenda kununua dukani?

#2 Shemeji_wa_Wote
Fundi amejua ni kimondo kwa kutumia nini, jembe? 😂 Uza haraka kabla mnunuzi wa Busia hajauliza hilo swali.

#3 Kemia_Nakuru
Si kimondo. Vimondo karibu vyote havina vitundu ndani, na hicho chako umesema kina vitundu kama andazi. Aliyewahi kufika Mbozi kule Songwe, Tanzania, akaona kile kimondo cha tani nyingi atakwambia ni chuma kitupu, hakuna mahali kinafanana na chupa. Chukua sumaku ya spika iliyokufa ukaribishe. Ikinata kwa nguvu rudi tuongee. Ikivutwa kidogo tu kwa uvivu basi kwa Kiswahili hayo yanaitwa mavi ya chuma, na msinicheke, ni neno la kamusi.

Nimefundisha kemia huku Nakuru miaka mingi na hapa ndipo vijana huchanganyikiwa. Jiwe la chuma lina chuma ndani lakini kimeshikwa na oksijeni, ni kutu iliyogeuka mwamba. Ukiliweka kwa moto wa kawaida litakuwa jekundu, litapoa, litabaki jiwe. Mpaka ulifungie ndani ya tanuri pamoja na makaa mengi, hewa iingie kwa kipimo, makaa yatoe kaboni monoksidi, hiyo gesi ndiyo inamnyang'anya chuma oksijeni yake. Sasa utamu ni huu: chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka nyuzi 1,538 na wazee wetu hawakuhitaji kufika huko. Mchanga na uchafu ulio kwa jiwe huungana na sehemu ya chuma chenyewe, vinayeyuka karibu nyuzi 1,200, vinatiririka chini kama uji. Chuma kinabaki juu kama sponji. Kwa hivyo ulichoinua si chuma, ni kile walichotupa wakaenda na chuma chao nyumbani.

#4 Mwana_wa_Funyula
Mwalimu shukran. Sumaku ya redio ya kukhu imevutwa lakini kwa uvivu kabisa, vile umesema. Kwa hivyo tumechimba choo kwa takataka za wazee.

#5 Shemeji_wa_Wote
Mavi ya chuma ndani ya shimo la choo. Hii uzi imejiandika yenyewe.

#6 Mhunzi_wa_Kibuye
Ngoja niseme kitu kama mtu wa moto. Niko Kibuye hapa Kisumu miaka 19, nafua majembe, mapanga, patasi, koleo, na hayo yote natoa kwa chuma chakavu, springi za matatu hasa. Kufua na kuyeyusha jiwe ni kazi mbili tofauti kabisa na watu wanachanganya. Mimi nikipewa jiwe siwezi. Nasema siwezi kwa sababu nimejaribu. Mteja wa Sio Port aliniletea mfuko wa mawe mekundu mazito, ati nimtolee chuma tugawane. Nikayapiga mvukuto kutoka saa tatu hadi saa nane, nikamaliza gunia la makaa, mawe yakawa mekundu mazuri kama jua la magharibi ziwani, nikayatoa yakapoa yakawa mawe. Gunia la makaa lilikuwa langu. Mwalimu niambie nilikosea wapi.

#7 Kemia_Nakuru
Ulikosea kwa kuacha jiko wazi. Jiko la kufulia limejaa hewa, hata kama chuma kingetoka kingerudi kushikana na oksijeni palepale. Unahitaji tanuri la udongo lenye kuta, refu kiasi kwamba jiwe likishuka polepole kutoka juu linakaa na ile gesi masaa. Na jiwe livunjwe vipande vidogo, livunjwe sana. Halafu kabla hata ya kuwasha, kwangua hilo jiwe nyuma ya kigae au kwa kikombe kilichovunjika pale ambapo hapana rangi. Alama ikiwa nyekundu ya damu iliyokauka hiyo ni hematiti, ikiwa nyeusi ni magnetiti, ikiwa nyeupe mteja wako anakupotezea muda.

#8 Mhunzi_wa_Kibuye
Angenilipa hata makaa tu.

#9 JaYimbo_Halisi
Mwana wa Funyula nakusalimia kama jirani lakini hii ya "mkoloni alipiga marufuku" tuiangalie vizuri. Huku Yimbo tuna wahunzi wa ukoo na hadithi yetu ni nyingine. Babu ya babu yangu alikuwa anapata chuma kutoka kwenu Samia, sawa, hilo nakubali, jembe la Samia lilienda mbali mpaka Buganda na Busoga na watu walilipia mahari nalo. Lakini treni ilipofika Kisumu 1901 mambo yakageuka bila askari yeyote kuvunja tanuri. Jembe la meli likaja bei ya chini, na zaidi ya hapo chuma chenyewe kikaanza kupatikana bure: vipande vya reli, pipa, pete za chuma za gurudumu. Sasa wewe mhunzi mwenye akili, utakaa siku nzima usiku kucha unapuliza tanuri upate donge moja, ama utaokota kipande cha reli ukianze asubuhi na ukimalize kabla ya chai? Walioacha ni wenyewe. Kufua hawakuacha, waliacha kuyeyusha. Huyu wa Kibuye ndiye mjukuu wao kikazi, anatumia springi za matatu.

#10 Mwana_wa_Funyula
JaYimbo hiyo "waliacha wenyewe" naiona rahisi mno. Mtu akitozwa kodi ya nyumba alipe kwa pesa, vijana waende kwa kazi ya kandarasi, nani anabaki kupiga mivukuto? Tanuri linataka watu wengi kwa zamu. Si lazima askari avunje ukuta.

#11 JaYimbo_Halisi
Hapo umebadilisha hoja omera. Ulisema marufuku, sasa ni kodi. Nakubali ya kodi nusu.

#12 Elgoni_Juu
Mbona hakuna anayetaja miti? Kilo moja ya chuma inakula kilo kadhaa za makaa na kilo moja ya makaa inakula kuni kibao. Fanyeni hesabu ya majembe ya Busoga nzima. Hivyo vilima vya Samia viko uchi hivyo tangu lini? Mimi nasema makaa yaliisha ndiyo bei ya jembe la kienyeji ikapanda, jembe la meli likashinda. Kama ni Uingereza pia makaa ya miti yaliwasumbua, ndiyo maana Abraham Darby 1709 kule Coalbrookdale akageukia makaa ya mawe yaliyochomwa. Sisi huku hatukuwa na makaa ya mawe.

#13 Dada_wa_Isukha
Vilima viko uchi kwa sababu ya ng'ombe na matofali ya juzi, usisingizie wahunzi wa miaka mia.

#14 Mwana_wa_Funyula
Nimemsomea kukhu majibu yenu yote hapa jikoni. Amesema nyote mnajua sana, halafu akasema hivi (natafsiri kutoka Kisamia): wakati wa tanuri mwanaume alikuwa halali na mke wake, na mwanamke aliye kwenye siku zake hapiti karibu, na kulikuwa na dawa inafukiwa chini ya tanuri. Baba yake yeye kukhu alipobatizwa akaambiwa hayo ni mambo ya mashetani, achague. Kukhu anasema hakuna aliyewafunga, waliona tu aibu mbele ya wenzao wa kanisa. Mimi sikuwahi kusikia hii maishani, nimeisikia kwa sababu ya choo.

#15 JaYimbo_Halisi
Msalimie kukhu sana. Hiyo ya mwiko hata kwetu iko. Lakini mwiko hauwezi kushinda faida, wangepata pesa wangetubu Jumapili na kupuliza Jumatatu.

#16 Nyar_Gem
Nawapita kidogo niende nyuma. Mnazungumza kama chuma kilianza na Wasamia wa juzi. Kuna mahali panaitwa Urewe, huku huku Siaya upande wa Yala. Vyungu vilivyopatikana pale vina kidimbwi kidogo kitakoni, kama mfinyanzi alibonyeza kwa kidole gumba, na maandishi yake yalitoka 1948 kwa majina ya akina Leakey na padre Owen. Leo kila chungu cha aina hiyo kuzunguka ziwa, Rwanda, Burundi, Uganda, Bukoba, duniani kote kinaitwa Urewe, jina la kijiji chetu. Na waliotumia vyungu hivyo ni kati ya watu wa kwanza wa chuma upande huu, tunaongea miaka elfu mbili na zaidi kwa baadhi ya sehemu. Ila msinukuu vibaya: chungu peke yake si ushahidi kwamba pale pale waliyeyusha chuma. Ushahidi ni kama hayo mawe ya choo ya Funyula, na bora zaidi ukipata mrija wa udongo wa kupitishia upepo. Mwana wa Funyula ukiona kipande cha bomba la udongo, mdomo umeungua umekuwa kama kioo cha kijani, USITUPE.

#17 Muhaya_Ziwani
Jirani zangu wa Kenya hodi. Mmetaja Bukoba nikaona siwezi kulala. Sisi Wahaya tulikuwa tunatengeneza chuma cha pua, steli kabisa, miaka elfu mbili kabla Mzungu hajajua, na tanuri letu lilifika nyuzi 1,800. Hii imethibitishwa na Wamarekani wenyewe, si mimi.

#18 Kemia_Nakuru
Karibu jirani. Umesema vizuri ila tupunguze moto kidogo. Waliofanya hiyo kazi ni Peter Schmidt na Donald Avery, wakatoa makala 1978. Waliwaomba wazee wa Kihaya waliokuwa wameacha kuyeyusha kwa miaka mingi wajenge tena tanuri, na majaribio ya kwanza yaligoma kabisa, wazee wenyewe ilibidi wakumbuke kwa mikono. Utaratibu wake nauheshimu sana. Shimo linachomewa majani ya kinamasi kwanza mpaka libaki kitanda cha makaa ya nyasi, kuta ni udongo wa kichuguu, na mirija ya udongo inaingia ndani kabisa ya tanuri badala ya kuishia ukutani. Schmidt na Avery wakasema upepo ukipita ndani ya huo mrija uliozungukwa na moto unafika umeshapashwa, ndiyo maana joto lilipanda hivyo, na kilichotoka kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa steli. Wataalamu wengine wakabisha. Wanasema upepo unapita haraka mno kupashwa kiasi hicho, na mrija uliingizwa ndani kwa sababu nyingine. Na hiyo 1,800 ni pale mdomoni mwa mrija, si tanuri zima. Kuhusu "kabla Mzungu hajajua", Ulaya na India pia kulikuwa na steli zamani, kwa hivyo tuseme tu Wahaya walifika kwa njia yao.

#19 Muhaya_Ziwani
Mwalimu umeninyima raha kwa heshima. Lakini hata kama upepo haukupashwa, steli ilitoka au haikutoka?

#20 Kemia_Nakuru
Ilitoka.

#21 Muhaya_Ziwani
Basi nalala.

#22 Mhunzi_wa_Kibuye
Mimi hii ya upepo kupashwa naiamini kwa mkono wangu. Kipulizio changu kikikaa karibu na moto asubuhi yote, saa sita chuma kinaiva haraka kuliko saa mbili. Mwalimu ataniambia ni jiko lenyewe limepata joto. Sawa, lakini mkono wangu hausomi makala.

#23 Karai_Ikolomani
Nyinyi mnapigania chuma na hakuna mtu amekuwa tajiri kwa chuma. Huku Kakamega tuongee dhahabu. Kwetu jiwe linatoka shimoni, linapondwa, linasagwa kuwa unga kama wa ugali, unapitishwa na maji kwa mbao iliyolazwa mshazari imetandikwa zulia ama gunia. Dhahabu ni nzito, uzito wake ni mara 19 wa maji na jiwe jeupe la kwatzi halifiki hata mara 3, kwa hivyo mchanga unaenda na maji dhahabu inanata kwa nyuzi za zulia. Unakung'uta zulia kwa karai, unamimina zebaki, unasugua na mkono. Zebaki inakula dhahabu yote inaacha mchanga. Unakamua kwa kitambaa, unabaki na kadonge keupe kama jino. Unakachoma kwa kijiko juu ya makaa, ule weupe unapotea unabaki na njano. Unapima kwa pointi, pointi 10 ndiyo gramu. Ni hivyo tu, hakuna tanuri, hakuna kulala mbali na mke. Mgodi wa Rosterman ulianza hivi tangu Wajerumani miaka ya 1920.

#24 Dada_wa_Isukha
Wajerumani gani tena mulamwa? Nimekulia karibu na Rosterman. Aliyeanzisha mbio za dhahabu Kakamega ni L. A. Johnson, mlowezi Mmarekani aliyekuwa na shamba Turbo, mwaka 1931. Mwaka uliofuata Wazungu walijaa wanachimba kila kijito. Na hapa wale wa "mkoloni alifanya nini" waje wasome: kulikuwa na sheria ya ardhi ya 1930 iliyoahidi ardhi ya wenyeji itakuwa yao milele, na ikichukuliwa wapewe ardhi nyingine badala yake. Dhahabu ilipoonekana wakaibadilisha 1932, miaka miwili tu, ili ichukuliwe kwa fidia ya pesa. Mgodi wenyewe wa Rosterman ulifanya kazi 1935 hadi 1952 ukatoa zaidi ya wakia 250,000, karibu tani 8 hivi. Haukuwa wa karai pia. Walikuwa na mashine za kusaga na sianidi.

#25 Karai_Ikolomani
Haya nimerekebishwa, Wajerumani nimewatoa. Tani 8 na barabara ya kwetu iko vile iko.

#26 Nyar_Gem
Karai, hiyo "unakachoma kwa kijiko ule weupe unapotea" ndiyo sehemu inaniogopesha. Haupotei. Unaenda kwa kifua chako na kwa sufuria ya mama.

#27 Elgoni_Juu
Nyar Gem amesema kweli na mimi nina ushahidi wa nyumbani. Mjomba wangu alichimba upande wa Migori miaka kumi hivi. Alikuwa anachomea jikoni usiku mlango umefungwa, kwa sababu ya wezi. Kwanza ikaja kusahau, anakuuliza kitu mara tatu. Halafu mikono. Sasa hivi hawezi kushika kikombe cha chai kikijaa, tunamwekea nusu. Hospitali ya kwanza walimtibu presha, ya pili wakamwambia aache pombe na hajawahi kuonja pombe, ni Msabato. Ni daktari wa tatu aliyemuuliza "mzee unafanya kazi gani".

#28 Karai_Ikolomani
Pole sana kwa mjomba. Sina la kubishana hapo. Lakini wewe unayeniambia niache zebaki, niambie nile nini jioni.

#29 Kemia_Nakuru
Huhitaji kuacha leo, anza kwa kuifunika. Zebaki inachemka nyuzi 357, dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064. Kwa hivyo kadonge kakiwa ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba moja linaloinama mpaka usawa wa maji, mvuke unapita kwa bomba, unapoa, unarudi zebaki. Unaitumia tena. Zebaki si bei ya maji, kwa hivyo hata mfuko wako unafurahi. Chomea nje, upepo ukiwa nyuma yako, na ncha ya bomba iguse maji kidogo tu isizame, maana moto ukipungua maji yanaweza kunyonywa mpaka ndani na hapo kitalipuka.

Na hii si akili ya juzi. India kule Zawar, Rajasthan, walikuwa wanatoa zinki kwa njia ya namna hii karne nyingi zilizopita. Zinki ni msumbufu, inachemka nyuzi 907, kwa hivyo ukiyeyusha jiwe lake kwa tanuri la kawaida yote inaondoka na moshi na wewe unaapa hakukuwa na kitu. Wao wakajaza jiwe kwa vyungu virefu kama biringani, wakavigeuza mdomo chini, moto juu, ubaridi chini, mvuke ukashuka ukawa matone ya zinki. Ulaya walisubiri mpaka William Champion wa Bristol, 1738. Mabati ya kila nyumba hapa ni mkopo wa kile kichwa.

#30 Mhunzi_wa_Kibuye
Karai hicho chombo naweza kukuchomelea, kipande cha bomba nene na vifuniko viwili vya skrubu. Lakini sitatumia bomba la mabati, lile jeupe, usikubali fundi yeyote akupe hilo. Hiyo zinki mwalimu ametaja ilinionyesha kazi. Nilichomelea geti la mabomba meupe siku mbili mfululizo ndani ya duka, usiku wa pili nikatetemeka kama malaria, ladha ya sarafu mdomoni, jasho, asubuhi nikaamka mzima. Wazee wa Kibuye walinipa maziwa, wakasema ndiyo dawa. Sijui kama ni maziwa yaliniponya ama ni asubuhi.

#31 Kemia_Nakuru
Ni asubuhi.

#32 Shemeji_wa_Wote
Mwalimu huyu hata maziwa hayaachi.

#33 Karai_Ikolomani
Fundi nitakutafuta inboksi. Sasa niulize hivi, kuna watu wanazunguka kununua ule mchanga tunaomwaga baada ya zebaki. Wanalipa lori zima. Kwa nini mtu anunue takataka yangu?

#34 Muhaya_Ziwani
(Nimeamka.) Huku kwetu yanaitwa marudio, na usiyauze bei ya kutupa! Zebaki inakamata dhahabu inayoonekana tu, ile chembe iliyojificha ndani ya jiwe inabaki, mara nyingi zaidi ya nusu. Wanunuzi wanapeleka kwa matangi ya sianidi. Tajiri hajawahi kushuka shimoni na anapata kuliko wewe.

#35 Kemia_Nakuru
Sahihi. Hiyo njia ni ya John Stewart MacArthur na ndugu wawili Forrest, madaktari wa Glasgow, 1887. Miaka michache baadaye ikaokoa migodi ya Johannesburg iliyokuwa inataka kufa kwa sababu jiwe la chini lilikuwa gumu kwa zebaki. Sianidi kidogo sana kwa maji, ichanganywe na hewa, inayeyusha dhahabu kama chumvi. Halafu unatumbukiza vumbi la zinki au makaa maalum dhahabu inarudi. Maji lazima yawe na chokaa muda wote. Yakipoteza chokaa yakawa chachu, sianidi inatoka kama gesi na hiyo haikupi miaka kumi kama zebaki, inakupa dakika. Na marudio yenye zebaki kuyatia sianidi moja kwa moja ni kuchanganya sumu mbili, zebaki nayo inayeyuka na kwenda na maji.

#36 Dada_wa_Isukha
Na maji yanaenda Yala, na Yala inaenda ziwani, na omena mnakula nyinyi wa Kisumu. Endeleeni.

#37 JaYimbo_Halisi
Tusisahau shaba. Macalder kule Nyatike, mpaka miaka ya 1960 ilikuwa inatoa shaba, leo watu wanajua dhahabu tu. Na Kilembe Uganda, reli ilifikishwa Kasese 1956 kwa sababu ya shaba, ikayeyushwa Jinja kwa umeme wa Owen Falls. Pesa za shaba zilipita karibu na mlango wetu.

#38 Kemia_Nakuru
Shaba ndiyo rafiki wa wanafunzi. Nunua mrututu dukani, ule wa bluu wa kupulizia nyanya, uweke kwa glasi ya maji, tumbukiza msumari safi. Dakika chache msumari umevaa shaba nyekundu. Chuma kinaingia majini, shaba inatoka. Wachina wa enzi ya Song walitoa shaba nyingi sana kwa njia hii hii, maji ya bluu kutoka mgodini na vipande vya chuma. Mwaka jana kijana mmoja alitumbukiza kijiko cha nyumbani kwao, mama akaja shule akiwa na kijiko mkononi.

#39 Shemeji_wa_Wote
Kama ni shaba mama angefurahi. Sufuria je? Mbona hakuna mtu aliyeyeyusha sufuria kutoka jiwe zamani?

#40 Mhunzi_wa_Kibuye
Alumini hakuna makaa yanaweza kuitoa kwa jiwe kwa jiko la kijijini, inataka umeme. Sisi tunayeyusha sufuria kuukuu tu na kumimina mpya kwa mchanga. Ile 2022 biashara ya chuma chakavu ilipofungwa miezi kadhaa nilikaa na jiko baridi ndiyo nikajua kwamba mimi mgodi wangu ni jaa la taka.

#41 Kemia_Nakuru
Kweli kabisa. Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, 1886, wote wawili walizaliwa 1863, hawakujuana, wakafika mahali pamoja: kutoa alumini kwa umeme. Kabla yao alumini ilikuwa kito. Marekani walipomaliza mnara wa Washington 1884 kilele chake waliweka alumini, kadonge ka kilo 3 hivi ambako hakafiki hata sufuria ya ugali wa harusi.

#42 Mwana_wa_Funyula
Wadau samahani nimepotea, bando liliisha. Kuna habari. Leo asubuhi tukapanua shimo upande wa mashariki, kukatoka kipande cha udongo wa kuchomwa, mviringo, tundu katikati linaingia kidole gumba changu na nafasi inabaki. Ncha moja ni udongo wa kawaida mwekundu, ncha ya pili imeungua nyeusi halafu kuna utando wa kijani unang'aa. Nimekumbuka maneno ya Nyar Gem nikamzuia fundi jembe likiwa hewani.

#43 Nyar_Gem
Simamisha choo!!! Huo ni mrija wa mivukuto. Uko kwa tanuri lenyewe au hatua chache kutoka hapo. Usiuoshe, usiukwangue. Piga picha ukiwa bado ardhini, weka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, pima kina, andika. Makaa yoyote utakayoona kando yake yafunge kwa foili kavu bila kuyashika, hayo ndiyo yanaweza kutoa umri. Halafu toa taarifa makumbusho ya Kisumu, sheria ya urithi ya 2006 inataka hivyo hata kama ni shamba la kukhu.

#44 JaYimbo_Halisi
Na umri ukitoka tuambiwe. Kama tanuri lilizimwa kabla ya treni, nitanyamaza. Kama ni baada, Elgoni na miti yake wanyamaze.

#45 Elgoni_Juu
Makaa ya tanuri yatasema ni ya mti gani. Kama mwanzoni ni mti mgumu na mwishoni ni vichaka, nani atanyamaza?

#46 Mwana_wa_Funyula
Hakuna anayenyamaza hapa, kukhu ndiye anaongea. Amesema mrija ukae kabatini na vikombe vya wageni, watu wa makumbusho waje wanywe chai waone, ila wageni wa mazishi ya Jumamosi wanahitaji choo na hawatasubiri umri wa makaa. Tumefunika lile shimo na mabati na mawe, tukahamia upande wa mwembe, hatua kumi na tano nimehesabu mwenyewe.

Futi mbili tu fundi amegonga tena. Ananiangalia. Kukhu amesema tuchimbe pole pole na mimi nishuke shimoni mwenyewe.